Miche Aliyoigawa Matroni

Shemeji yangu hakuwahi kuwa muuguzi hata siku moja, lakini watu wa vipande vya bustani walimwita Matroni, na jina hilo likamkaa. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, kumi na miwili ya mwisho akiwa msimamizi. Shuka za wodi ya maambukizi zilipita mikononi mwake kila siku, na desturi aliyoipata huko hakuiacha hata alipostaafu: mkono ukishagusa kichafu haugusi kingine mpaka unawe. Ukienda kwake atakupokea kwa furaha, atakuuliza habari za watoto, halafu atakuonyesha bomba lilipo.

Mimi ni fundi viatu. Nimemwoa mdogo wake, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na yeye ana haki ya kusema mbele za watu kwamba mdogo wake aliolewa na gundi. Tulikuwa na vipande vinavyopakana.

Vipande vyenyewe viko nyuma ya matangi ya maji, ndani ya uzio wa waya. Viko arobaini na viwili, kila kimoja hatua kumi na tano kwa sita, na mji unavikodisha kwa watu wa ghorofani wasio na pa kuchomeka hata mche wa nyanya. Pana mabomba matatu, kibanda kimoja cha zana, na maneno yasiyokwisha. Hapo utakuta mshonaji nguo anabishana na dereva mstaafu kuhusu mbolea ya kuku kama vile wanabishania urithi.

Matroni alikuwa na mkono wenye heri. Kila msimu alitengeneza kitalu cha vitunguu maji na liki, vile vitunguu virefu vya shina jeupe, na miche yake ilikuwa minene, iliyonyooka, mizizi imejaa. Alipanda yake, iliyobaki akaigawa. Hakuna aliyejisumbua kusia mbegu mwenyewe. Watu walingoja tu Matroni apite na beseni kichwani, wakaja mmoja mmoja kama kuku waliosikia mtama.

Mtu pekee ambaye hakuchukua miche kwake alikuwa mzee mmoja wa kipande cha thelathini na moja, fundi saa wa zamani, tuliyemwita Mzee Liki. Alilima liki tupu. Alizipanda katika mashimo marefu, akazipandishia udongo kidogo kidogo mpaka shina likawa jeupe urefu wa mkono mzima. Zikipata kutu, yale madoadoa ya rangi ya machungwa yanayotapakaa kwenye majani, aliyakata majani hayo kwa mkasi moja baada ya jingine, akayatia mfukoni kama barua za siri. Alikuwa mtu wa salamu fupi na mgongo uliogeuka upesi.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, wiki ya tisa tangu tupandikize. Nilikuwa namwagilia mchicha wangu kabla ya kwenda kufungua duka. Matroni akaniita. Hakupaza sauti, ila aliniita kwa namna iliyonifanya niweke keni chini.

Kwenye mstari wa pembeni, vitunguu vinane vilikuwa vimenyauka, majani ya nje yamegeuka manjano na kulala. Magonjwa ya vitunguu yeye aliyafahamu. Alijua ukungu wa siku za manyunyu unaokausha jani kuanzia ncha. Alijua vijidudu vinavyofyonza majani yakabaki na michirizi ya fedha. Alijua na kitunguu kinachooza shingo kikiwa kimeshatundikwa jikoni. Huu hakuujua. Alishika kimoja akavuta, nacho kikatoka bila kubisha, kama jino la mtoto. Hakikuwa na mizizi. Chini yake palikuwa na utando mweupe kama pamba ya godoro, na ndani ya pamba hiyo punje nyeusi, ndogo, za mviringo, ungedhani ni mbegu za mchicha.

Mtu mwingine angekung'uta udongo pale pale. Matroni hakukung'uta. Alikitumbukiza kitunguu katika chupa ya mdomo mpana pamoja na udongo wake, akakaza kifuniko. Akainama kutazama mabuti yake ya mpira, akayavua, akayaacha hapo hapo ndani ya kipande, akatembea pekupeku hadi bombani. Aliosha mikono, akaosha kijembe, akaosha na nyayo. Nilianza kutia utani. Alinitazama tu, nami nikameza utani wangu.

Siku hiyo hiyo alikwenda ofisi ya kilimo. Nilifuatana naye, maana duka langu lilikuwa limeshachelewa, na la kuvunda halina ubani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja orofani, darubini imefunikwa mfuko wa nailoni, na bibi shamba alikuwa binti mwenye umri wa watoto wetu. Aliweka punje moja chini ya darubini, akatazama, akatazama tena, kisha akavuta kiti akakaa.

Alitueleza taratibu. Huo ulikuwa uozo mweupe. Dawa ya kuumaliza haipo. Punje zile nyeusi ndizo mbegu ya maradhi: hulala ardhini miaka kumi na mitano, hata ishirini, bila kula wala kunywa, mpaka zinuse mzizi wa kitunguu, wa liki au wa saumu. Zikinusa tu, zinaamka. Zinasafiri kwa udongo, kwa jembe, kwa toroli, kwa soli ya kiatu. Aliposema soli nilijikuta naficha miguu chini ya kiti.

Mwisho akauliza swali moja: mama, udongo wa kitalu chako uliutoa wapi?

Matroni aliutoa kwenye kona ya uzio, katika kipande kilichokuwa kimeachwa miaka mingi kikaota nyasi. Udongo ulikuwa mweusi, laini, akaona ni bahati. Alijaza toroli mbili. Katika udongo ule aliotesha miche yote ya msimu, na miche ile ilikwenda kwa watu kumi na wanane. Aliwahesabu kwa vidole pale pale ofisini, akitaja kila mmoja alichukua mingapi na aliipanda wapi, na sauti yake ikawa inapungua kadiri vidole vilivyoongezeka.

Jioni mke wangu alipika, lakini dada yake hakula. Tulikaa sebuleni kwetu watatu, na mke wangu akasema lile ambalo watu wengi wangelisema. Nani anajua kama miche ndiyo iliyoleta? Udongo una mambo yake. Watu watang'oa, wataona vimeoza, watalaumu mvua, na msimu utapita. Funika kombe mwanaharamu apite. Alilisema kwa mapenzi, kwa sababu alijua dada yake kule vipandeni ana kazi moja tu iliyobaki ya kumpa heshima, nayo ni ile miche.

Matroni aliweka sahani yake kando.

"Mdogo wangu," akasema, "nilipokuwa na miaka miwili kazini, mwenzetu mmoja alipasua mfuko wa shuka za wodi ya maambukizi. Akaogopa, akazichanganya na nyingine. Mimi nilimwona. Nikanyamaza, maana alikuwa rafiki yangu. Wafuaji watatu waliugua, na mmoja hakurudi tena kazini. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikuwahi kusema. Leo ndiyo nasema kwa mara ya kwanza."

Mke wangu alimshika goti.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mbele ya kibanda cha zana. Mwenyekiti wetu, yule dereva mstaafu, alikuwa mtu mwema lakini mpenda kanuni, na alifungua kikao kwa kusoma kanuni tatu ambazo hazikuhusika. Kisha Matroni akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi la zamani, la buluu, lililopigwa pasi. Mkononi alishika ile chupa.

"Ugonjwa ulio ndani ya vipande vyenu umetoka kwangu," akasema. "Miche niliwapa mimi. Udongo wa kitalu niliuchota mimi, na sikuuliza ulikuwa na nini. Naomba radhi. Sasa nataka muuone, ili kesho kila mtu aangalie chake."

Chupa ikazunguka. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Mshonaji alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa uchungu: kipande chake chote kilikuwa vitunguu, alikuwa amewaambia wanawe mwaka huu hawatanunua sokoni. Mwingine akasema kumbe ndiyo maana vyake vimelala, na yeye alimgombeza mkewe kwa kumwagilia vibaya. Mwenyekiti alikohoa akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni, mwenye kuleta maradhi ananyang'anywa kipande. Mzee Liki, aliyekuwa ameegemea nguzo nyuma kabisa, alipofikiwa na chupa aliitazama mara moja tu, akampa jirani yake, akaondoka bila kuaga. Nilimchukia siku ile. Nilimwona mtu aliyemdharau mwanamke aliyejishusha mbele ya watu.

Matroni hakujitetea hata kwa neno. Alimwambia Mwenyekiti kwamba kipande wakichukue, ila wakichukue kazi ikiisha. Kisha akaeleza kazi. Kila kitunguu kigonjwa kitachimbwa na udongo wake kwa koleo, si kwa kuvutwa. Kitatiwa kwenye gunia na kuchomwa nje ya uzio, hakuna hata ganda litakalokwenda kwenye lundo la mboji. Mvua ikinyesha hakuna kuingia, maana tope ndilo gari la ugonjwa. Na hakuna atakayepanda jamii ya kitunguu katika kipande kigonjwa mpaka wote wakubaliane. Vipande vyote kumi na vinane, pamoja na chake, atavichimba yeye mwenyewe, kwa kila atakayemruhusu.

Alianza Jumatatu, peke yake. Nilitarajia aanze na kipande chake, kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Aliniambia hapana: hospitalini unaanza na chumba kisafi unamaliza na kichafu, ukigeuza mpango huo wewe ndiye unayekuwa ugonjwa. Akaanza na kipande kilichokuwa na vitunguu viwili tu vilivyonyauka. Alipiga magoti juu ya kipande cha turubai, akachimba kuzunguka kila kitunguu upana wa sahani, akanyanyua bonge zima kwa mikono miwili kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala. Mgongo ulimuuma. Nilijua kwa jinsi alivyoshika kiuno akidhani hakuna anayemwona.

Usiku wa siku ya kwanza sikuwa na la kufanya ila kuwaza soli. Asubuhi nilichukua mabuti ya watu wanne, nikachokoa udongo uliojificha kwenye meno ya soli kwa msumari wangu uliopinda. Buti moja lilitoa udongo wa kujaza kibiriti. Nilikata tairi kuukuu nikatengeneza sinia pana la kutilia maji na dawa ya kusafishia, nikapigilia brashi mbili ngumu kwenye ubao, nikaviweka langoni. Kila aliyeingia na aliyetoka alipaswa kusugua. Matroni alikuja akasugua, akanyanyua mguu akakagua, akasema: "Shemeji, kumbe mdogo wangu hakuolewa na gundi tupu." Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kutoka kwake.

Siku ya tatu mshonaji alikuja. Hakusalimia. Alikuwa amevaa glavu, na kwapani alibeba magunia aliyoyashona upya, mshono mara mbili ili udongo usivuje. Aliyatupa karibu na Matroni, akapiga magoti upande wa pili wa mstari, akaanza kuchimba. Walifanya kazi mpaka adhuhuri bila kusemezana, halafu nikawasikia wanacheka, sijui walichocheka. Siku ya sita Mwenyekiti alileta toroli lake na kutangaza kwamba amepitia kanuni upya na hakuna kanuni inayomzuia mwenyekiti kusukuma toroli. Kufikia wiki ya pili tulikuwa watu tisa, kila mmoja na kazi yake, na Matroni akituongoza kwa sauti ile ile ya chini. Mtu akisahau kuosha koleo, hakumkemea. Alilichukua akaliosha mbele yake, na hilo lilitosha kukufanya utamani ardhi ipasuke.

Tulikuwa tumebakiza vipande viwili pale Mzee Liki alipokuja. Alisimama njiani, mbali kidogo, kofia mkononi. Sisi wote tuliacha kazi. Matroni aliendelea kuchimba mpaka akamaliza bonge lililokuwa mkononi, akalitia guniani, ndipo akainua uso.

"Karibu, kaka," akasema.

"Kile kipande cha kona," Mzee Liki akasema, "kilikuwa changu. Kabla ya hiki nilicho nacho. Miaka tisa iliyopita liki zangu zote zilioza namna hii hii, na punje hizi hizi. Niliwaambia wa mjini nataka kubadilisha kwa sababu ya kivuli. Niliona aibu. Nilimwacha kila mtu apite hapo, na nilikuona siku ile unachota udongo. Nikasema moyoni labda ugonjwa umeshakufa."

Nilimtazama Matroni. Ningekuwa mimi, yangetoka maneno mazito. Siku kumi na tano alikuwa amepiga magoti kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ametazama. Uso wake ulibadilika, sitasema haukubadilika. Alifumba macho kidogo. Mshonaji alifungua kinywa, naye akamwinulia kiganja.

"Miaka tisa umeibeba peke yako?" akauliza.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Basi ni mizito. Sugua viatu, kaka, uje ushike upande ule. Huu mstari una mabonge makubwa, sitaweza kuyanyanyua mwenyewe."

Mzee Liki alisugua viatu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemtania, hata mimi.

Bibi shamba alikuja kutuona mara mbili. Mara ya pili alileta wazo, akalitoa kwa tahadhari ili tusije tukaota ndoto za mchana. Punje zile huamka kwa harufu. Basi katika miezi ya baridi, ardhi ikiwa na unyevu na haina chochote cha jamii ya kitunguu, unaweza kuimwagilia maji ya kitunguu saumu kilichopondwa. Punje zitadhani mzizi umefika. Zitaamka, zitatafuta, hazitapata, nazo zitakufa njaa. Hazitaisha zote, akasisitiza. Zitapungua.

Matroni aliipenda hila hiyo kama mtoto. Kwa misimu miwili ya baridi tulinuka saumu mpaka wateja wangu walikuwa wananipa viatu kwa kunyoosha mkono. Mzee Liki, kwa vidole vyake vya fundi saa, alipima kipimo cha kila keni bila kuzidisha wala kupunguza. Mke wangu alikaa kibarazani na kinu, akiponda na kulalamika, akilalamika na kuponda. Katikati ya hapo tulipanda maharage, kabichi, karoti, na hakuna hata mmoja aliyeiba mstari wa vitunguu kwa siri. Kipande cha Matroni hakikuchukuliwa. Mwenyekiti alisema kanuni ile ilikuwa imeandikwa na mtu mwenye hasira, na mtu huyo alikuwa yeye.

Mwaka wa tatu Matroni alipanda vitunguu sitini vya majaribio. Hakuvipanda kipande kizuri. Alivipanda katika mstari ule ule wa pembeni, pale palipokuwa pabaya kuliko pote, kwa miche aliyoiotesha kwenye makopo yenye udongo uliochemshwa. Wiki zikapita. Siku ya kung'oa tulikuja karibu wote, tukajipanga njiani, hakuna aliyevuka kamba aliyoifunga ukingoni. Aling'oa kimoja kimoja. Kila kitunguu alikigeuza, akakitazama chini, akakionyesha. Kile cha kwanza kilishika ardhi kwa nguvu hata akapepesuka, mizizi yake mirefu myeupe imejaa udongo, na nikasikia mtu nyuma yangu akishusha pumzi.

Hamsini na saba vilikuwa vizima. Vitatu vilitoka bila kubisha.

Watu walianza kupiga makofi. Yeye alikuwa bado ameshika kile cha tatu, akiutazama ule utando mweupe, na alitusubiri tunyamaze. Alivifunga vile vitatu guniani, akaosha mikono, akaosha kijembe, akasugua mabuti. Ndipo akaenda kwenye ubao wa matangazo kibandani, akaandika kwa chaki, herufi kubwa: KIPANDE CHA 17. SITINI. WAGONJWA WATATU. BADO.

Hakuna aliyemwomba aandike. Angeweza kusema hamsini na saba tu, na tungeondoka tukiwa na furaha.

Alipogeuka, Mzee Liki alikuwa amesimama nyuma yake, mkono ameunyoosha. Matroni akampa chaki. Kipande cha mzee hakikupata miche yake, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukikagua. Mzee alivaa miwani, akaandika chini ya maandishi yake kwa mwandiko mdogo, ulionyooka: KIPANDE CHA 31. SIJAPIMA. NITAPIMA MSIMU UJAO, MBELE YA WATU.

Mshonaji akasema chaki isirudi mfukoni kwanza, naye ana chake cha kuandika.